Bango la Mama Violet

Mbinga mjini,
4 Machi 2024

Dada Lusia mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Habari za Liuli? Shemeji na Edmund hawajambo? Huku mvua haitupi nafasi ya kuanika hata kitambaa, ila uzima upo, tunamshukuru Mungu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe unajibu "haya, haya" tu, nikikata sijui umesema nini.

Dada, halmashauri imebadilisha sheria za mabango ya biashara. Bwana Pankras, afisa biashara, kapita na futi yake duka kwa duka. Kwa jirani Tobias alicheka mpaka akakaa chini: bango linasema "Hoteli ya Nyota Tano", ndani mna mabenchi mawili. Kwangu mgahawani hakucheka. Akasema, "Mama, bango lako linasema Mama Violet, leseni inasema Walburga. Sheria mpya inataka jina moja. Andika la leseni, au sajili hilo Mama Violet liwe jina la biashara yako. Mwisho ni mwisho wa mwezi."

Nikaona jambo rahisi, nisajili. Lakini nilipoishika fomu mkono uligoma. Miaka ishirini na tatu mji mzima unaniita hivyo, na sijawahi kukuuliza wewe uliyemzaa Violet. Je, niandike?

Mdogo wako,
Walburga


Liuli,
15 Machi 2024

Walburga,

Milele na amina. Marahaba. Sisi wazima. Edmund kavua samaki wengi wiki hii, mbasa watupu.

Usiandike.

Nilipolazwa na kifua ile miezi minane, nilikupa mtoto unilelee. Jina sikukupa. Nilipopona nikaja kumchukua, akanikimbia, akajificha kwenye kanga yako. Nikasema haya, abaki, asije akaugua kwa kunililia. Nikateremka ziwani mikono mitupu. Huku wananiita Mama Edmund, kana kwamba tumbo langu lilianza kwa Edmund. Violet mwenyewe akija likizo ananiita mama mkubwa, naitika. Yote hayo nimeyameza. Lakini jina hilo kuligongea mhuri wa serikali, hapana. Una jina lako la ubatizo, zuri tu. Andika hilo.

Dada yako,
Lusia


Mbinga mjini,
9 Aprili 2024

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, aliyefufuka. Shikamoo. Natumaini Pasaka mmekula vizuri na kifua hakikusumbui.

Nimefanya ulivyosema. Fundi Steven amefuta, ameandika MGAHAWA WA WALBURGA, na ile W ya kwanza imelala kama mlevi. Wakulima wa kahawa kutoka Ukata wanachungulia mlangoni: "Mama Violet kahama? Na huyu Walburga ni sista wa Kijerumani?" Nawaambia ni mimi, ingieni, maharage ni yale yale. Wakiniita kwa lile jina siitiki. Nangoja mpaka wakumbuke jipya.

Usidhani nimekasirika, dada. Nimekwenda kuungama. Nilimwambia padri kwamba kitu cha kuazima nilikaa nacho mpaka nikasahau njia ya kukirudisha. Yeye alinisamehe kwa niaba ya Mungu. Bado wewe.

Mdogo wako,
Walburga


Liuli,
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Walburga,

Milele na amina. Marahaba, mama. Kifua hakijambo, ni moyo.

Nimekuficha jambo. Wiki iliyopita nilikuwa Mbinga. Nilimwambia shemeji yako nakwenda kuuza samaki, kumbe nakwenda kuliona bango. Nikasimama ng'ambo ya barabara na ndoo yangu, nimejitanda kanga nusu ya uso. Nilitaka nifurahi. Akaja mzee mmoja, buti zimejaa tope, akaita mlangoni, "Mama Violet! Chai ipo?"

Neno likanitoka mdomoni: "Abee!"

Akageuka. "Sikuiti wewe, mama wa samaki. Namwita mwenyewe."

Ndani kimya. Akaita tena. Kimya. Nikakuona dirishani umeinamia sufuria, unajifuta macho, na moshi haukuwepo.

Miaka yote nilidhani siku utakapoacha kuitika, jina litanirudia. Halikunirudia. Yule mzee aliita jina la mtoto wetu mara mbili, mtoto mzima wa afya yuko Songea anafundisha, na hapakuwa na mtu wa kusema abee. Niliogopa, Walburga. Nikaona kama nimesimama msibani. Nikapanda gari nikarudi bila kukusalimu, na hilo ndilo kosa langu, nawe unisamehe.

Kalisajili. Andika Mama Violet, wagonge mihuri yao yote. Ila siku ya kulipandisha bango usifungue mlango mpaka nifike. Nitakuja na gari la kwanza. Niwekee kiti karibu na chako. Mtu akiita Mama Violet tuitike wote wawili, kisha shauri yake.

Dada yako,
Lusia