Vilishio Vipya na Laini ya Pili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri, na kaka aliye huku nami akikuambia nimekonda, usimsikilize.

Uliponiuliza kwenye simu habari za kazini, nilikujibu juu juu kwamba ni shwari. Sasa nimetulia, nikueleze vizuri.

Unajua kiwandani kwetu tunatengeneza bodi za saketi, zile zinazokaa ndani ya redio na mita za umeme. Vipuri vyake vingine ni vidogo kama chembe za chumvi, na huja vimepangwa kwenye utepe mrefu. Mashine huvidonoa na kuvipachika, lakini lazima ilishwe: mtu aubandue utepe ngozi yake ya plastiki kwa kucha, kisha auingize kwenye meno ya kilishio, kile kifaa kinachoisogezea mashine vipuri. Ukikosea kidogo, laini nzima, yaani msururu wote wa mashine, inasimama. Kazi hiyo ni ya akina mama sita, na mkubwa wao tunamwita Shangazi. Yeye ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi, nikiwa sijui hata pa kuweka mikono.

Basi vikaja vilishio vipya. Unakionyesha ncha ya utepe tu, chenyewe kinavuta na kubandua. Mimi ndiye fundi niliyepewa kuvifunga, na sikufichi, nilivipenda tangu nilipofungua boksi. Lakini meneja akaniita, akaniambia kwamba vikishakaa sawa, walishaji wawili watatosha. Wanne wataaga.

Nilimwambia laini ya pili imefunikwa turubai kwa kukosa watu wa kuilisha, na sasa watu watapatikana. Hao wanne waende huko. Alinisikiliza huku akichezea kalamu, akasema wateja wapo, ila yeye hataki maneno, anataka bodi. Akanipa hadi mwisho wa mwezi.

Siku ya kwanza tuliaibika. Vilishio vilikwama kimoja baada ya kingine. Nilifungua, nikafunga, nikabadilisha mipangilio, wapi. Mwishowe nikachuchumaa nyuma ya mashine na kutazama tu. Ndipo nikaona ngozi zilizobanduliwa zikipeperushwa na feni na kurudi kwenye meno. Tukahamisha feni, tukafunga vifuko vya kuzikusanya. Tangu hapo mambo yakanyooka. Mwezi ulipokwisha, laini ya pili ilikuwa ikinguruma, na hakuna aliyeaga.

Sasa Mama, kaa vizuri. Meneja aliniuliza nani atabeba lawama mpango ukishindikana. Nikamjibu kwamba nitaibeba mimi, na nitaondoka pamoja na wale wanne. Nilipokuja nyumbani mwezi ule, nikala na kucheka nawe, hilo lilikuwa kifuani. Najua kazi hii ndiyo inayolipa kodi yako na karo ya mdogo wetu. Nilikuwa na hakika nitaweza, na niliweza. Lakini sikukuambia.

Shangazi, aliyekuwa mmoja wa wale wanne, aliyasikia yote kwa meneja mwenyewe. Nilidhani atanishukuru. Akanivuta hadi nyuma ya stoo, akaniuliza taratibu, "Nani alikutuma ucheze kamari na kazi yangu?"

Nikamwambia kazi yake ilikuwa inakwenda hata hivyo.

"Ndiyo maana ulipaswa kuniambia," akasema. "Ningekukubalia, tena ningekutia moyo. Wewe ulijua, mimi nikawa nalala usingizi kama mtoto. Mimi si mtu wa kubebwa mgongoni, mwanangu."

Siku ya tatu akaniletea chai mezani, yakaisha. Yakaisha kwake. Kwangu maneno yale bado yapo.

Nakuandikia kwa sababu meneja anataka kunipeleka nje, kwenye kiwanda kinachotengeneza vilishio hivyo, nikasome mwaka mzima, kisha nirudi nisimamie laini zote mbili. Nataka kwenda, Mama, na najua nitaiweza. Mshahara utaendelea kuingia, lakini wewe na mdogo wangu mtabaki peke yenu. Meneja alitaka jibu pale pale. Nimemwambia asubiri, kuna mtu sijamuuliza.

Msalimie mdogo wangu, na majirani wote wanaoniulizia. Nipigie ukishaisoma, na useme lililo moyoni, hata kama silo ninalotaka kulisikia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Fundi wako