Damu ya Upande wa Mama

Kitangari, Newala
19 Juni 1999

Mpendwa mdogo wangu Lameck,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Mwanza? Wifi Dorika na watoto hawajambo? Mimi bado nafundisha, ingawa mwezi huu wote maji tunayafuata mbali. Mama anapumua, zaidi ya hapo sina la kusema.

Habari zangu ni nzito, kaa kwanza.

Kaka Basil alipolazwa Masasi Novemba, baada ya kuanguka akipakia magunia ya korosho ya mnunuzi binafsi, madaktari wa utafiti walimtoa damu. Walikuwa wakichunguza wagonjwa wa moyo. Siku ya tatu akafariki, miaka arobaini na mmoja tu. Tukazika, ile damu tukaisahau.

Mwezi wa nne mmoja wao, Daktari Stefano, alikuja kutupima mama na mimi. Wiki iliyopita alirudi na majibu. Damu ya kaka ilikuwa na dalili za uvimbe wa ndani, usioonekana kwa macho, unaoharibu mishipa ya moyo polepole. Tena katika vinasaba vyake kuna tofauti ndogo inayoweza kuuchochea uvimbe huo. Mama anayo pia. Alisema utafiti bado ni mchanga, na si kila mwenye nayo huugua.

Mama hakumwelewa vizuri, nikamfasiria Kimakonde. Lameck, maneno niliyachagua vibaya. Nilisema kaka aliipata kwake.

Mama akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?"

Daktari akasema nimwambie hakuna mzazi anayechagua cha kumrithisha mtoto. Mama akanikatiza.

"Sikuuliza hilo. Ilitoka kwangu, au haikutoka?"

Sikuweza kumdanganya.

Tangu siku hiyo ugali haugusi. Asubuhi anakwenda kaburini kwa kaka na kumwomba msamaha kwa sauti, watu wakipita. Mchungaji amekuja mara mbili kumfariji, bila mafanikio.

Sasa lililobaki. Mimi pia ninayo tofauti ile, na dalili za uvimbe kwangu ziko juu. Nilimwomba daktari asilitaje mbele ya mama. Nawe uliniandikia Pasaka kwamba kifua kinakubana ukipanda kilima cha kwenda kazini. Nenda hospitali wiki hii, waeleze kaka alikufaje. Usingoje likizo. Na sigara uache, nakusihi.

Majibu yoyote utakayopata, yatume shuleni kwangu. Barua zinazofika nyumbani mama husomewa na wifi Regina, mjane wa kaka, naye hajui kuruka mstari. Kwa mama andika barua nyingine, umwambie u mzima.

Regina na shangazi Selestina wanakusalimu. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akushike, ndugu yangu pekee uliyebaki.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Winfrida