Usiache Kabisa

Senje,

Gauni la tisa bado limebanwa chini ya sindano ya cherehani yako, upindo wake umeshonwa nusu. Wanakwaya walikuja kuchukua yale manane wakasema hili libaki hivyo hivyo. Nikipita hapo sebuleni natembea polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake.

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike kule Matete. Nimerudi hapa Shieywe kumaliza muhula. Mama Rasoa wa mlango wa pili ananiletea obusuma, ugali wetu, na mboga, nami namwambia nimeshiba hata kama sijala tangu asubuhi. Watu wote wanasema moyo wako ulikuwa umechoka, kwamba tangu ule mshtuko wa moyo ulikuwa unaishi kwa neema tu. Baba naye anasema hivyo hivyo, na wewe ulikuwa dada yake wa pekee. Mimi naitikia kwa kichwa. Habari ya ile karatasi hawaijui. Ninaijua mimi, na ulikuwa unaijua wewe.

Unakumbuka siku uliyotoka hospitalini? Daktari alikupa vidonge vyenye jina refu, propranolol, ukakataa hata kujaribu kulitamka. Akaeleza kwamba moyo wako umeumia, na vidonge vitauzuia usiende mbio ukajichosha. Ukasema, "Yaani nimefungwa breki kama baiskeli!" Hata nesi alicheka. Kisha daktari akaandika maagizo kwa Kiingereza akanipa mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimevaa sare ya shule. Wewe ukamwambia nesi, benchi zima likisikia, "Huyu ndiye mwalimu wangu. Kiingereza kinamuogopa."

Maagizo mengine niliyaelewa vizuri. Kila asubuhi kabla ya kidonge cha kwanza ulinipa mkono, nami nikahesabu mapigo kwa saa ya marehemu mume wako, dakika nzima, midomo yangu ikicheza. Yakishuka chini ya hamsini, au ukiona kizunguzungu, au ukikosa pumzi, tulitakiwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hayakushuka. Sitini na mbili. Hamsini na nane. Ulikuwa unaniuliza, "Nimepata ngapi leo, mwalimu?" kama mtoto anayesubiri kurudishiwa daftari.

Lakini mstari wa mwisho, Senje. Mstari wa mwisho ulisema usiache vidonge hivi, halafu likafuata neno moja la Kiingereza ambalo sikulijua. Nesi alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu. Ningeuliza. Lakini ulikuwa umekwisha kunisifu, na watu wa benchi walikuwa wananitazama, na uso uliniwaka moto. Nikajiambia neno hilo lazima liwe "kabisa". Nikakusomea: "Usiache vidonge hivi kabisa." Nilisoma kwa sauti thabiti, kama ninavyosoma darasani ninapojua jibu. Hiyo sauti ndiyo inayoniuma.

Yakaja magauni ya kwaya ya harusi. Magauni tisa ya kijani, na wiki moja tu ya kuyashona. Jumatatu uliketi kwenye cherehani, ukakanyaga, ukasimama, ukakanyaga tena. Ukaniita.

"Mwalimu, ile karatasi ilisemaje juu ya kuacha?"

"Usiache kabisa."

"Basi siachi kabisa. Napumzika wiki hii tu. Hivi vidonge vinafanyanga miguu inakuwa mizito na mikono inakuwa baridi. Kwaya ikishavaa, nitarudia."

Nilikuwa na kitabu mkononi. Nikafikiri kidogo, nikaona umesema sawa: mtu anayepumzika hajaacha kabisa. Nikasema, "Haya, Senje." Sikukifunga hata kile kitabu.

Jumatano nilikuomba mkono nihesabu. Ukaniambia, "Hakuna kidonge, hakuna mtihani," ukanifukuza niende shule. Alhamisi ulisema moyo unapiga ngoma, ukacheka kwamba umesikia harusi iko karibu. Nami nikacheka. Ijumaa nilikuwa maktaba ya shule Mama Rasoa alipokuja kuniita, akiwa na viatu viwili visivyofanana miguuni. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Baada ya mazishi nililitafuta lile neno katika kamusi kubwa ya shule, ile iliyo mezani siku zote. Ingenichukua dakika moja. Maana yake ni ghafla. Usiache vidonge hivi ghafla.

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Mimi, ninayeogopa hata kuomba chaki ofisini. Alinikalisha akanieleza polepole. Moyo uliozoea kuzuiwa, ukiachiwa mara moja, unaweza kwenda mbio kuliko mwanzo, na wako ulikuwa na jeraha. Mgonjwa haachi mwenyewe. Daktari ndiye anayepunguza, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Kama miguu ilikuwa mizito tungekuja kumwambia, angeangalia kipimo cha dawa. Tungetembea nusu saa tu, Senje, polepole kwa mwendo wako.

Alisema pia kwamba hawezi kujua kwa hakika. Huenda moyo wako ungesimama wiki ile hata kama ungemeza vidonge vyote. Akasema yeye mwenyewe alipaswa kuhakikisha tumeelewa. Nilimshukuru. Nilipofika barabarani nilikuwa bado nimebeba kitu kile kile.

Nakumbuka magauni ya bendera uliyoshona mwaka wa uhuru, mimi nikiwa darasa la pili, nimekaa chini ya meza naokota vipande, vyeusi, vyekundu, vya kijani. Uliviweka sakafuni ukaniambia nikuandikie jina lako kwa vipande. Niliandika, ukakaa ukilitazama. Ukasema, "Kuanzia leo wewe ni macho yangu." Nilikuwa mdogo, nikafurahi tu.

Juzi Mama Rasoa alileta karatasi ya dawa ya kifua ya mtoto wake. Nikasoma hadi katikati, nikakwama. Uso ukaniwaka vile vile. Nikasema, "Mama, neno hili silijui." Akashangaa, "Hata wewe?" Nikamwambia hata mimi. Tukaenda wote wawili hospitalini kuuliza, na hakuna aliyetucheka.

Jumamosi Baba anakuja kuchukua cherehani. Kabla hajaigusa nitamwambia yote, karatasi, benchi, na ile "haya, Senje" yangu. Sijui atasema nini. Nitakaa hapo hapo hadi aseme.

Ninakuahidi sitasoma tena kwa sauti thabiti kitu nisichokijua. Na gauni la tisa nitalimaliza mimi kwa mkono, hata upindo ukienda upogo.

Kwaheri, Senje wangu. Kila asubuhi bado nashika saa ile dakika nzima, bila mkono wa kuhesabu. Najua siku moja nitapaswa kuacha. Sitaacha ghafla. Nitapunguza kidogo kidogo.

Mwalimu wako