Mpiga Fidla Aliyeshindwa Kumaliza Wimbo

Mpendwa Bi Oleta, nakuandikia nimejifungia bandani ili mke wangu asinione, nina hofu ambayo sijamwambia mtu. Mimi ni mpiga fidla wa huku milimani West Virginia, nina miaka sitini na nane, nyimbo za zamani nilifundishwa na baba, na alipofariki niliisukuma fidla chini ya kitanda ikakaa huko miaka tisa, mpaka Aprili hii mke wangu Verlie alipoitoa akasema, "Dorsey, kama huipigi, nipandie maua humu," nikacheka, nikaanza tena, na sasa tumeandikishwa kupigia wacheza dansi kwenye tamasha la Agosti, yeye na gitaa, jirani yetu Hobart na banjo.

Unaujua utaratibu wetu, wimbo unazunguka na kuzunguka na hakuna wa kuumaliza ila mpiga fidla, akiinua mguu wenzake wanajua huu ndio mzunguko wa mwisho. Jumamosi tulifanya mazoezi jikoni kwetu na sikuinua mguu. Si kwamba nilinogewa, Bi Oleta, nilisahau kabisa kwamba wimbo una mwisho, nikawa napiga tu, sijui nimeanza saa ngapi, mpaka Verlie aliponishika goti, ndipo nikaona moshi umejaa na mkate wa mahindi umeungua ndani ya oveni. Hobart akawa anasugua vidole, "Mzee, ulitaka kutuzika leo? Dakika ishirini na tano!" Verlie akamjibu, "Mwache, ana kiu ya miaka tisa." Wakacheka, nikacheka nao, lakini baba alianza hivi hivi, na mwishowe, tukimuuguza humu humu nyumbani, akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikijitoa Verlie atataka sababu, nisipojitoa nitapotea mbele ya watu mia tatu. Nivunje kidole nisingizie ajali?

Dorsey

Bwana Dorsey, majina nimeyabadilisha humu gazetini, ingawa mkate ulioungua utawaumbua. Pole sana. Ulimuuguza baba yako, kwa hiyo hofu yako siichezei. Ila kuvunja kidole? Kwa umri huo? Acha utoto.

Mimi si daktari, na wewe pia si daktari, lakini umeshajipima na kujihukumu. Huenda ndicho hicho unachokiogopa. Huenda ni dawa unazomeza, au usingizi mbovu. Sijui. Piga simu zahanati kesho asubuhi, usingoje tamasha lipite. Kwenye tamasha nenda, ukiwa na nguvu. Mwachie Verlie ainue mguu yeye, wachezaji hawatazami ni mguu wa nani.

Sasa hili la kumficha mkeo. Huyo mama aliishi nyumba moja na baba mkwe wake akiugua, ishara zake anazijua kama wewe. Jiko lilijaa moshi, mkate ukaungua mbele ya pua yake, naye hakuinuka. Unadhani alikuwa anasikiliza fidla? Alikuwa anakutazama wewe, bwana. Na ule mzaha wa kiu ulikuwa wa kumnyamazisha Hobart.

Verlie anajua. Tangu Jumamosi anaogopa peke yake, na anacheka ili wewe usiogope. Barua hii imekuchukua muda gani kuiandika? Muda huo ulikuwa wake. Nenda ukamwambie leo, kabla hamjala.