Kadha na Kichura

Alhamisi, 22 Januari
Wameamka kwa shida tena. Nimegonga mlango kwa mlango baada ya alfajiri. "Mama Mlezi, dakika mbili tu." Wasichana wa bweni langu wangetahiniwa kulala, chuo kizima kingepata daraja la kwanza.

Mwalimu Chilumba, huyu mpya wa michezo, alikuwa keshafika uwanjani na filimbi yake. Kawatoa mchakamchaka mpaka barabara ya chini na kurudi. Wiki ya kwanza nusu ya njia walitembea. Sasa wanaimba na pumzi inabaki. Anawapandisha pole pole, kama mtu anayewasha kuni mbichi. Mwanzoni sikumpenda. Leo nimemwombea dua, Mkristo na ukristo wake.

Anawaambia mtakuwa walimu wa watoto, na mwalimu anayehema akipanda ngazi atamfundisha nani kuruka kamba? Kweli.

Jumanne, 27 Januari
Mwalimu kakasirika. Kundi zima la wasichana limekaa kivulini, eti hedhi. Wiki iliyopita walikaa hao hao kwa neno hilo hilo. "Ninyi kwenu mwezi unaandama mara ngapi?" kawauliza. Wavulana wakacheka mpaka wakakaa chini. Aibu nimeona mimi. Kasema kuanzia leo udhuru hakuna, labda cheti cha daktari.

Jioni nimewasema. Uvivu wao utamponza mwenye shida ya kweli.

Jumapili, 1 Februari
Zuhura karudi. Alikuwa Kilwa Kivinje akimuuguza bibi yake mpaka Mungu akamchukua, kisha matanga. Huyu binti nampenda kuliko wenzake, Mungu anisamehe. Kwao Somanga, mama yake anawauzia abiria wa mabasi samaki wa kukaanga. Akiingia chumbani kwangu ananikanda mgongo bila kuombwa.

Kanenepa huko. Wenzake wamemwita tenki la maji, akacheka nao. Alipofika kwangu hakucheka. Mazoezi ya Mwalimu hajayagusa hata siku moja.

Jumatano, 4 Februari
Shaaban inayoyoma. Ndivyo walivyo wasichana wetu, kadha za Ramadhani, zile siku walizokula kwa hedhi, wanaziweka mwaka mzima, kesho, kesho, Shaaban ikifika nusu wanakimbizana. Nimewaambia: anayedaiwa na Mola wake alipe kabla mwezi haujaandama. Daku nitawapikia mimi.

Zuhura kaanza leo. Nimemuuliza, na kesho mazoezi? Kasema atafanya na saumu yake. "Usimwambie Mwalimu, Mama. Atasema natega kama wale." Nikanyamaza. Saumu ni siri ya mja na Mola wake, ndivyo nilivyofundishwa chuoni kwa maalim wetu. Lakini moyo haujatulia.

Alhamisi, 5 Februari
Asubuhi walikuwa na jaribio, mazoezi yakasogezwa alasiri. Jua la kuchoma. Mwalimu kawatenga wote waliokosa wiki zilizopita, waliotega na aliyefiwa, kapu moja. Eti lazima wawafikie wenzao kabla ya michezo ya vyuo. Kuruka kichura kuzunguka uwanja, mikono masikioni. Kuchuchumaa na kuinuka. Kichura tena. Tena.

Wavivu walijilaza njiani, wakasemwa, yakaisha. Zuhura hakujilaza. Wenzake wakaimba, "Tenki! Tenki!" Yeye anaruka tu. Mwalimu akapiga makofi. "Huyu ndiye! Mwigeni huyu!"

Mimi nilisimama kwenye uzio na ndoo ya maji. Wote walikunywa. Yeye alisukutua, akatema. Nikafurahi. Imani ile kwa mtoto wa siku hizi.

Ngazi ya bweni imemshinda, kaipanda kwa makalio. Tumecheka sana.

Ijumaa, 6 Februari
Kafunga tena. Mapaja magumu kama mbao. Chooni anashikwa na mwenzake ndipo achuchumae. Nimemkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, akalia. Nimemwambia maumivu pamoja na saumu, thawabu mara mbili.

Jumamosi, 7 Februari
Kaniita nione. Mkojo mweusi. Rangi ya chai ya rangi iliyochemka ikasahaulika jikoni.

Nimesema U.T.I. hiyo. Bwenini kwetu msichana akiumwa chochote ni U.T.I., na vyoo vyetu kweli si vya kusifia. Nimekwenda mwenyewe duka la dawa hapa Mtanda. Yule kijana hakuuliza hata mgonjwa ni nani, kanihesabia vidonge. Nimemfungulisha Zuhura saumu, kameza na uji. Kautapika wote.

Jumapili, 8 Februari
Uso umevimba. Mkojo hauji. Maji nimempa, madafu nimempa. Hauji.

Mwalimu kapita akitoka kanisani, shati jeupe. Kaanza kwa mzaha, "Bingwa wangu wa kichura, misuli ikiuma ndiyo inajengeka." Nikamfunulia miguu. Kachuchumaa akaitazama. "Mama, haya siyo maumivu ya mazoezi ninayoyajua mimi."

Gari la chuo halipo, limekwenda na Mkuu. Tumesema kesho alfajiri. Bajaji zimejaa pale nje. Hatukuita hata moja. Kwa nini hatukuita?

Jumatatu, 9 Februari
Hospitalini. Daktari ni binti mdogo, ningeweza kumzaa. Katueleza taratibu. Misuli imelazimishwa ghafla, imechanika ndani kwa ndani, na uchafu wake umeshuka na damu ukaziba figo. Mazoezi si mabaya, kasema, hata yeye anakimbia. Kibaya ni kumrusha mtu kichura kiasi kile siku yake ya kwanza, kwenye jua, mwili hauna maji.

Kisha kauliza, "Alikunywa maji siku ile?"

Mwalimu kajibu upesi. "Maji yalikuwepo. Ndoo nzima."

Daktari akanitazama mimi. Nikasema alikuwa amefunga.

"Amefunga?" Mwalimu kageuka mwili mzima. "Amefunga nini, na Ramadhani bado?"

"Analipa kadha."

"Na wewe ulijua, Mama?"

Nilijua. Mwalimu kakaa chini pale pale sakafuni, watu wanapita, mtu mzima na filimbi shingoni. "Ningemwacha akae kivulini," kasema. "Mama, ningemwacha tu akae."

 

Jumanne, 10 Februari
Wamemhamishia Mtwara kwenye mashine ya kusafisha damu. Mama yake kawahi kwa basi la kwanza kutoka Somanga, mikono bado inanuka samaki. Nimemweleza yote tukiwa tumesimama nyuma ya gari la wagonjwa. Kichura, saumu, vidonge, thawabu mara mbili. Sikuficha. Nilingoja anitukane.

"Wewe ndiye ulikuwa mama yake huku," kasema. Akapanda gari.

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 13 Februari
Mwalimu kasimamishwa kazi. Mazoezi yote yamefutwa. Wavivu walifurahi nusu siku, kisha bweni likanyamaza.

Mimi funguo zangu za bweni bado ninazo. Nimekwenda kwa Mkuu kusema hilo si haki. "Bi Somoe, nenda kapumzike. Mambo ya dini tusiyaingize." Nikamwambia yameshaingia, na niliyeyaingiza ni mimi. Kaendelea kutafuta miwani yake.

Mtwara wamemweka kwenye mashine mara ya pili. Mkojo hakuna. Mguu wa kushoto haufanyi kazi.

Nimesoma Yasini. Katikati nikapotea, nikaanza upya. Mwanamke wa umri wangu, nimekaa juu ya msala namwomba Mungu mkojo. Ya Rabi, sina maneno mengine.

Jumapili, 15 Februari
Hakuna.

Jumanne, 17 Februari
Wasichana wameniuliza kuhusu kadha zilizobaki, mmoja mmoja, kwa kunong'ona. Wameogopa. Nimewakusanya. Nimesema saumu siyo iliyomlaza mwenzenu, na kichura peke yake siyo. Ni vyote viwili siku moja, na midomo yetu kufungwa. Aliye dhaifu Mungu kampa ruhusa, na ruhusa ya Mungu haina aibu. Mazoezi yakirudi, anayefunga aje aniambie, nami nitakwenda kumwambia anayewakimbiza, awe nani.

Mmoja kauliza, "Na Mwalimu Kichura atarudi?" Hakuna aliyecheka jina. Nimesema sijui.

Kazi hii sijui kama bado inanifaa.

Jumatano, 18 Februari
Nilikuwa naosha mchele wa daku. Simu. Mama Zuhura. Hakunisalimia.

"Amekojoa."

Nikamwambia rudia.

"Amekojoa, dada. Kidogo, haujai kikombe cha kahawa. Daktari kauinua kwenye mwanga kautazama." Akaanza kulia, mimi pia.

Rangi bado mbaya. Kwenye mashine hajatolewa. Kuhusu mguu hakuna anayesema lolote.

Nimesujudu pale pale jikoni, sakafu imelowa.

Kisha nimempigia Mwalimu, yuko kwao Newala. Nimemwambia amekojoa. Kasema, "Mwambie pole." Halafu, "Mwambie asiwe na haraka ya kusimama." Nikasema nitamwambia.

Mwezi umeonekana, wasichana wanashangilia uani. Nimerudi kwenye mchele.