Povu Kwenye Majani ya Ggaba

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike, bado nakata majani ya ng'ombe huku ugenini Ggaba, peke yangu. Mvua zimerudi, na wale wadudu wako wamerudi nazo. Kila asubuhi nakuta povu jeupe limeshika kwenye mashina, kama mtu amepita akitema mate. Najua si mtu. Hata hivyo nageuka nyuma.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipiga kelele kwamba ni mate ya nyoka. Ukacheka, ukalipangusa povu kwa kidole. Ndani kulikuwa na kidudu laini, kijani hafifu, macho mawili meusi, kichwa kimeelekea chini, kinanyonya maji ya shina. "Angalia, mdogo wangu. Kanajifunika na povu yake mwenyewe, jua lisikakaushe." Kisha ukanionyesha aliyekwisha kukua: wa kahawia, kama punje ya mchele, mabawa yamekunjwa mgongoni mfano wa paa la nyumba. Ulimgusa tu, akaruka. Hatukuona alipotua.

Yaya, asubuhi ile uliniambia, "Kichwa kinaniuma, acha leo nilale." Nikakujibu, "Uvivu tu. Nani atabeba mzigo wako?" Ukaamka. Ukakata hadi saa nne, ukakaa chini katikati ya majani. Nilidhani unapumzika. Nilipokuja kukuita, povu la wale wadudu lilikuwa limekushika kwenye nywele, na hukunijibu. Daktari alisema malaria ilishapanda kichwani. Kesho yake ukatutoka.

Mama alipiga simu kutoka Bukavu, akauliza kama ulilalamika. Nikasema hapana. Nikasema ulianguka ghafla.

Sasa siwezi kukata shina lenye povu. Naliacha limesimama. Mwenye ng'ombe, ambaye kila mwanamke humwita "nyabo", aliniuliza juzi, "Nyabo, mbona unaacha majani mazuri?" Nikahamia shina lingine. Wakati mwingine, nikiinama, nasikia panga lako nyuma yangu, chwa, chwa. Nikisimama, linanyamaza. Siogopi kwamba ni wewe. Naogopa kwamba bado unafanya kazi, kwa sababu nilikuamsha.

Pumzika, Yaya wangu. Jumapili, baada ya misa, Mama atapiga tena. Nitamwambia kwamba uliomba kulala, na nani alikukatalia. Akinilaani, nitasikiliza. Nakuahidi sitakata simu kabla hajamaliza kulia.

Mdogo wako,
Riziki