Mashine Ipande Gari, Mama Mkwe Apande Basi?

Mpendwa Shangazi Jacklyne,

Salamu kutoka Mukuru kwa Reuben, na kama unasoma hii ukiwa umesimama tafadhali keti kwanza, maana mimi sikusoma sana na nikianza kueleza jambo kufupisha sijui. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mtu wa Butere, kibarua katika karakana ya fanicha huku kwenye viwanda vya Nairobi, na kazi yangu miaka yote ni kusukuma mbao kwenye mashine ya randa, ile inayozilainisha, mpaka masikio yamekuwa mazito na kifua kimejaa vumbi, hata mke wangu Phelister akinipigia simu kutoka nyumbani na kusikia ninavyokohoa huuliza kama mapafu bado ninayo au niliyaacha kazini. Sasa mwenye karakana amenunua mashine mpya, na ile ya zamani akanipa mimi, akasema, "Chukua, Patrobas, wewe na hiyo mmezoeana," na Shangazi sikufichi, nililia mbele ya watu wazima. Maana stima ya kuzungusha mashine imeshafika kwetu, Phelister amesimamisha kibanda cha mabati kando ya barabara, watu wa kanisa wameanza kuulizia viti, na kilichobaki ni mimi na chuma hicho tufike nyumbani na tusirudi tena.

Shida ni kukifikisha. Lori nililiogopa, kwa sababu niliwahi kutuma kitanda kwa lori na kilifika kichwa tu, miguu mpaka leo sijui inalalia nani. Basi shemeji yangu Zedekiah, kaka ya Phelister, anayekaa Donholm, akasema, "Leta hiyo kitu, Noah yangu ni gari ya familia," na ni kweli, gari hilo limebeba maharusi, wagonjwa na magunia ya mahindi ya ukoo mzima. Jumamosi anampeleka mama yao nyumbani, mama mkwe wangu, ambaye alikuja Nairobi kufanyiwa operesheni ya jicho.

Jumapili tulijaribu kuipakia, pale mlangoni kwa Zedekiah. Tuliiinua tukiwa watu wanne mpaka mishipa ya shingo ikasimama, viti vya nyuma kabisa tukavitoa vyote, na mashine ilipoingia gari likakaa chini kwa nyuma, pua ikatazama juu kama kuku anayemeza maji. Tulicheka sana. Mourine, mdogo wake Phelister, ambaye anamsindikiza mama, akapiga makofi akasema, "Shemeji, hii si mashine, hii ni bibi wa pili! Phelister anajua unamletea mwenzake?"

Lakini kicheko kiliisha tulipohesabu viti. Zedekiah anaendesha. Kiti cha mbele ni cha Mourine, kwa sababu akikaa nyuma hutapika kabla ya Uthiru, Nairobi yenyewe hamjaimaliza. Nyuma yao vilibaki viti viwili vya katikati, vimebanana, kimoja cha mama na kimoja changu.

Shangazi, wewe unatujua sisi watu wa magharibi. Mimi tangu nioe sijawahi kumpa mama huyo mkono, sijala mbele yake, sijakalia benchi alilokalia, na akija kwetu mimi hutafuta kazi ya kufanya shambani. Sasa nikae naye goti kwa goti kutoka Nairobi mpaka Butere? Nikamwambia Zedekiah, akasema, "Wacha mambo yako bana, mama ana plasta kwa jicho, hata hakuoni." Nikamwambia, "Yeye hanioni, lakini mimi namwona." Nikasema basi mimi nipande basi wao waende na mashine, Zedekiah akakataa kabisa, akauliza mashine ikianza kulala kwenye kona nani ataishika.

Mama alikuwa chumba cha ndani akisikia yote. Akaongea huko huko ndani, kama desturi, akasema, "Zedekiah, mwambie mkwe wangu chuma hicho kipande gari. Chuma hakina miguu. Mimi nitapanda basi."

Na mimi nikanyamaza. Nitasema ukweli, moyo wangu ulifurahi. Lakini nilipofika kwangu nikaanza kusikia vile watakavyosema kule Butere, kwamba kuna mkwe alimteremsha mama mkwe kwenye gari la mwanawe, tena akiwa na jicho bovu, ili apakie mashine. Wote wananingoja niseme neno. Nimkubalie mama apande basi, au nivunje heshima nikae naye? Jina langu liandike, sijaiba kitu.

Patrobas, Mukuru kwa Reuben

*

Ndugu Patrobas,

Nimeketi, tena nimejimiminia chai. Hongera kwanza. Wengi hutoka katika kazi kama yako na kikohozi tu, wewe umetoka na kikohozi na mashine. Nimefurahi na wewe kweli, na ndiyo maana nitakugombeza.

Umepima heshima yako na mama mkwe mpaka kwenye magoti, lakini chuma chenyewe hukukipima. Soma tena barua yako. Watu wanne, mishipa ya shingo imesimama. Gari limekaa chini, pua juu. Gari lilikuwa linakujibu, nyinyi mkacheka! Na huyo shemeji yako anayeuliza nani ataishika kwenye kona anajua wazi kwamba italala. Uishike kwa kitu gani, Patrobas? Kwa mikono hiyo inayohitaji wenzako watatu ndipo iinyanyue? Breki moja tu kwenye ule mteremko mrefu wa kushuka bondeni ukitoka Nairobi, na bibi wako wa pili atakuja mbele kuwasalimia wote, akianza na shingo ya mama. Kumheshimu mama mkwe huanza na kutomwekea chuma mgongoni.

Kwa hiyo swali lako nimelikataa. Mama asipande basi, na wewe usikae naye. Mashine ndiyo ishuke.

Itashukaje? Najua utaogopa kuifungua kwa sababu kazi yako ilikuwa kusukuma mbao, si kufunga nati. Sawa, hilo si aibu. Mtafute fundi anayeitunza hapo karakanani, aifungue mbele yako: meza peke yake, mota peke yake, mkanda peke yake. Piga picha kwa simu kila kinapotoka kitu. Nati zitie kwenye mkebe, na huo mkebe ulale na wewe. Visu vifunge kwa gunia, uvishone, visije vikamkata mpakiaji. Halafu tafuta lori linalorudi magharibi likiwa tupu baada ya kushusha mzigo Nairobi, chuma kifungwe kwa kamba sakafuni, na wewe upande mbele na dereva. Kitanda chako kilipoteza miguu kwa sababu kilisafiri peke yake. Safari hii mwenye mali yupo. Dereva akisimama kula, nawe kula huku ukiiona mashine.

Viti vya Noah virudishwe vyote. Mama akae nyuma anyooshe mguu, jicho lake lipumzike, na Mourine atapike mbele au asitapike, hayo ni yake na kaka yake.

Sasa kuhusu kule kunyamaza. Mama mkwe anapojitolea kupanda basi akiwa na plasta kwa jicho, na mkwe akanyamaza, mkwe amekubali. Usidanganyike. Lakini usikose usingizi pia, kwa sababu mama huyo hajakasirika. Mama aliyekasirika hasemi "mkwe wangu" kutoka chumbani. Anataka binti yake alale na mume nyumbani, na kwa hilo alikuwa tayari kukupa kiti chake. Leo jioni nenda Donholm. Simama sebuleni, mwambie Zedekiah kwa sauti ya kufika ndani: "Mwambie mama gari ni lake." Basi. Usiongeze hotuba.

Mashine ikifika na kufungwa, watu wa kanisa wangoje. Mbao ya kwanza itakayopita humo iwe ya kiti cha mama mkwe, chenye mikono na mgongo mrefu, ukilainishe mpaka akikipapasa kwa mkono tu, bila macho, ajue ni kazi ya nani. Na kikikauka vanishi usikipeleke mwenyewe. Mtume Phelister.